Fungu la Wifi

Kibosho,
12 Februari 1956

Filemon mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia huko uliko, maana nasikia kwenye mashamba ya mkonge hata Jumapili watu hawapumziki. Sisi hapa wazima. Ndizi zimezaa, ng'ombe mweusi amezaa dume, na maji ya mfereji hayatufikii, kwa sababu wale wa juu zamu yetu ikifika wanajifanya wamesahau siku. Nimekwisha kukusalimu kwa adabu. Sasa nisikilize.

Mama yako anaharibika mikono, na wewe mwanawe umevaa koti jeupe la dresa wa hospitali huko Korogwe!

Mwaka jana nilikuandikia kwamba vidole vinamuuma. Siku hizi vimejikunja kama tangawizi. Asubuhi hawezi kushika kisu amenye ndizi. Jumapili kanisani nilimwona anauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili apate kufanya ishara ya msalaba. Nililia, na mimi si mtu wa kulia, unanijua. Kahawa ikiiva ataichuma nani? Mimi na magoti yangu haya?

Mjini walimpa aspirini mpaka tumbo likamwaka moto. Mganga wa huku akamchanja viwiko, akala jogoo wetu, akaenda zake. Umebaki wewe. Marehemu kaka yangu aliuza ng'ombe wawili ukasome kazi hiyo. Aliwauza ili uwafunge bendeji wakata mkonge peke yao?

Mama yako hajui kusoma, kwa hiyo hajui nimeandika haya. Yeye alisema nikuandikie tu kwamba mama hajambo. Haya, mama hajambo.

Shangazi yako,
Flavia


Korogwe,
9 Machi 1956

Shangazi mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi mzima, isipokuwa mbu. Salimia wote nyumbani kihambani, hata wale wa juu wenye maji.

Nina habari njema. Khamisi, anayefanya kazi kwenye gari moshi, atashuka Moshi na kifurushi, akiache kwa Mansukhlal, yule wa duka la vitambaa. Kifuate mwenyewe. Ndani mna chupa ya vidonge mia moja vya dawa iitwayo kotizoni.

Daktari wetu wa Kizungu alinieleza hivi. Mwili una askari wake wa kufukuza maradhi. Kwa mama askari hao wamegeuka, wanampiga mwenye nyumba, ndiyo maana viungo vinavimba. Dawa hii inawatuliza. Memsahibu wa meneja alikuwa na ugonjwa huo huo, tukamwona anacheza tenisi. Amerudi kwao Ulaya na ameacha dawa yake. Nilimwomba Daktari siku tatu mfululizo kabla hajakubali.

Mama ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Dawa ni yake peke yake, asimpe mtu mwingine hata kimoja. Tafadhali msomee barua hii yote.

Mwanao,
Filemon


Kibosho,
8 Aprili 1956

Filemon, mtoto wa kaka yangu, mwenye akili!

Tumsifu Yesu Kristo, na safari hii itikia kwa sauti wakusikie mpaka Tanga. Siku ya nne mama yako aliamka kabla yangu. Nikasikia kisu kinagonga jikoni, nikadhani ni mwizi. Kumbe ni yeye, ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori na kuimba! Juzi amechukua jembe. Uso wake umenenepa, umekuwa duara, na wanawake kisimani wanamwuliza anakula nini. Anawajibu, "Nakula jasho la mwanangu." Loo, ana kiburi siku hizi, na anastahili.

Pasaka tulichinja mbuzi. Mafungu yakagawanywa kama ilivyo desturi, na kijana wa baba yako mdogo akataka kunipunja mbavu zangu. Nilimwambia asinifanyie mchezo. Mimi ni binti wa nyumba hii. Chochote kinachoingia katika kihamba cha baba yangu, kiwe kikubwa kiwe kidogo, kina fungu langu, na kama hajui awaulize wazee. Akanipa mbavu na ini juu yake.

Hata magoti yangu yamepoa, namshukuru Mungu. Nina kikohozi kidogo tu, ni moshi wa kuni mbichi na mvua hizi za masika.

Lete dawa nyingine upesi. Vimebaki vidonge ishirini.

Shangazi yako mwenye furaha,
Flavia


Korogwe,
20 Aprili 1956

Shangazi,

Shikamoo. Hapa salama. Nimefurahi juu ya mama mpaka nikamsimulia kila mtu wodini. Kisha nikafika kwenye mstari wako wa mwisho, na furaha ikaniisha.

Nilituma vidonge mia moja. Khamisi anasema ulivichukua dukani tarehe 17 Machi. Ulipoandika tarehe 8 Aprili, mama alikuwa ameshameza arobaini na vinne. Vilitakiwa kubaki hamsini na sita, wewe unasema ishirini. Shangazi, vingine amekula nani? Mama anameza vinne kwa siku? Au mmegawa kwa majirani kama pipi?

Usinichukulie vibaya, lakini nimekasirika. Nilimpigia Mzungu magoti kwa ajili ya chupa ile, na niliandika wazi kwamba ni ya mama peke yake.

Natuma mia nne kwa Khamisi, vyote vilivyobaki. Jambo kubwa ni hili: mama asiiache dawa ghafla. Mwili unaizoea, ukinyimwa kwa siku moja unaanguka. Ikibidi kuacha, hupunguzwa kidogo kidogo kwa majuma mengi.

Nijibu nani anakula dawa hiyo. Nijibu upesi.

Filemon


Kibosho,
27 Mei 1956

Filemon,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu nakupa kwa sababu ni dhambi kumnyima Mkristo salamu, si kwa sababu umeistahili.

Kwanza, unanihesabia vidonge mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, ukinitapikia kwenye kanga ya Krismasi? Ala! Dresa mzima anakaa Korogwe na kalamu, anatoa na kujumlisha, anamwuliza shangazi yake kama karani wa mashtaka. Pipi! Nani amekula pipi hapa?

Pili, unasema sasa kwamba dawa haiachwi ghafla. Sasa! Barua yako na vidonge vyako vilifika mwisho wa Aprili. Dawa ilikuwa imekwisha tangu tarehe kumi na tatu. Mama yako alilala kitandani zaidi ya majuma mawili. Alitapika hata maji. Akiinuliwa kichwa anazimia. Maumivu yalirudi na wenzake, akawa analia kama mtoto, na Padre akaitwa na mafuta matakatifu. Nilimshika mkono nikiamini nitamzika karibu na kaka yangu. Na wewe ulijua! Ulijua tangu Machi kwamba dawa ile ina mdomo wa kuuma, ukaniandikia kimoja asubuhi kimoja jioni, basi, kama mtu anayeeleza chai. Hukusema kwa nini? Nijibu wewe kwanza, ndipo nami nione kama nina la kukujibu.

Vidonge vipya vimemwinua. Anatembea, lakini polepole. Kahawa inaanza kuwa nyekundu na bado hajachuma.

Misa ya asubuhi siku hizi siendi, mlima umekuwa mrefu. Baridi ya mwaka huu ni mbaya, nalala na mablanketi mawili na bado naamka nguo zimelowa jasho. Gauni langu la Jumapili nimelipunguza kiunoni mara mbili. Ni uzee tu. Kikohozi nacho hakijaacha, tutakata kuni kavu.

Nimekasirika sana nawe.

Flavia


Korogwe,
10 Juni 1956

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mbu wala za wodi. Nimesoma barua yako mara nne. Umeniuliza swali na nitalijibu, ingawa ningependa kufa kuliko kuliandika.

Dawa ile ilikuja ndani ya kasha, na ndani ya kasha mlikuwa na karatasi ya maelezo, kwa Kiingereza, pande zote mbili. Siku Daktari aliponipa chupa, aliitoa ile karatasi akaitupa kapuni. Akasema, "Hii haiwahusu, watu wenu hawatasoma." Alipotoka niliiokota. Niliisoma usiku huo huo na kamusi mpaka nikaielewa.

Inasema dawa isiachwe ghafla. Inasema pia kwamba dawa inapowatuliza askari wa mwili, inawatuliza wote, wabaya na wazuri. Maradhi yaliyolala huamka bila mtu wa kuyazuia. Na inasema kwa herufi nene kwamba mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu asiiguse.

Sikuwaandikia. Niliogopa mtashtuka, mtaitupa chupa, mtamwita tena mganga wa jogoo. Nilijiambia mama hajawahi kuugua kifua, hivyo yasiyomhusu ya nini? Nilitaka tu aamke anamenya ndizi. Nilitaka kuwa mimi niliyemwamsha.

Sasa nijibu nawe. Unakohoa tangu Aprili. Unatoka jasho usiku. Umekonda. Magoti yako yalipoa wakati ule ule mama alipopona. Vidonge viliisha mara mbili ya upesi, maana yake watu wawili. Shangazi, wewe ulilala Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, mwaka mzima, 1938, nikiwa mdogo. Najua nyumbani hamtaki jina hilo litajwe. Mimi nalitaja.

Acha vidonge, lakini punguza: nusu kwa juma moja, kisha robo. Nenda hospitali leo, si kesho. Mama naye apelekwe hospitali ya Mawenzi wampunguzie wenyewe. Waonyeshe barua hii. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ningekuwa nyumbani ningekuja na jani la isale mkononi, nikuombe msamaha kama anavyoomba mtu aliyekosa.

Filemon


Korogwe,
15 Julai 1956

Shangazi,

Shikamoo. Hapa salama. Majuma matano hujajibu. Khamisi anasema barua ya Juni uliichukua mwenyewe kwa Mansukhlal, ukaifungua pale pale dukani, ukaketi kwenye robota la kanga mpaka mwenye duka akakuletea maji.

Meneja amekataa kunipa ruhusa mpaka Desemba. Nimemwomba mara tatu. Anasema kila Mchagga ana shangazi mgonjwa.

Kwa hiyo sikiliza. Nisipopata jibu kabla ya mwisho wa mwezi nitamwandikia mama moja kwa moja, na mwalimu Veronika wa shule ya misheni atamsomea kila neno. Atamsomea na barua ya Machi, maana najua mama huziweka zote.

Filemon


Kibong'oto,
19 Agosti 1956

Filemon mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeona nilikoandikia? Basi pumua, nipo hai. Nachomwa sindano kila siku na kumezeshwa dawa kubwa kama mbegu za maboga. Safari hii nimeuliza kila moja ni ya nini na inauma wapi, mpaka nesi ananiita Bibi Kwa Nini. Hawaniahidi kitu. Wanasema pafu la kushoto limeliwa, la kulia linajitahidi.

Barua yako ya Juni niliilaza chini ya godoro. Ulitaka niseme nini? Mwaka ule wa 1938 nilikuwa nimechumbiwa. Mbege ya kwanza, pombe ya posa, ilikuwa imekwisha kunywewa. Niliporudi kutoka hapa, nimepona, nina cheti, wale watu walipita njia nyingine wasipite mlangoni kwetu. Miaka kumi na minane nimejenga jina la mtu mzima asiye na ugonjwa. Ndipo mtoto niliyembeba analiandika jina la Kibong'oto kwenye karatasi na kulipitisha kwenye gari moshi! Nilikuchukia, Filemon. Juma la kwanza nilikuchukia kweli.

Ndiyo, nilikula dawa. Mama yako hakunipa, nilidai. Nilipoona siku ya nne anamenya ndizi, nilimwambia, wifi, mbuzi akichinjwa nina fungu langu, na hiki nacho kimeingia katika kihamba cha baba yangu. Hakubisha. Alinihesabia kiganjani viwili kila siku kama anavyojihesabia yeye, na akaniambia pole kwa kuumwa magoti. Hata alipoanguka Aprili, nami nilianguka, tukalala vitanda viwili tukiugulia. Vidonge vipya vilipokuja nikachukua fungu tena. Nimeshaliungama kwa Padre, sasa nakuungamia wewe.

Barua yako ya Julai, ya kunitisha kwa mwalimu Veronika, ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimekwisha kukohoa damu nikikata majani ya ng'ombe, na hiyo bado sikuiogopa kama nilivyoogopa Veronika kusoma barua ya Machi. Nitakuambia kwa nini. Nilipomsomea mama yako barua ile, nilifika pale penye "asimpe mtu mwingine hata kimoja". Niliuona ule mstari. Magoti yakaniuma. Nikauruka.

Ukasirike, una haki. Lakini nami sijamaliza kukasirika. Yule Mzungu alitupa karatasi akidhani hatujui kusoma. Memsahibu wa meneja alisoma, akajua, akacheza tenisi yake. Sisi tukapewa chupa bila maneno, tukaelekezwa kama mifugo inayomiminiwa dawa. Lakini wewe, Filemon! Yeye alidhani sijui kusoma. Wewe unajua najua. Ni mimi niliyekushika kidole kwenye kitabu chako cha kwanza. Ukaificha ile karatasi mfukoni, ukachagua mwenyewe lipi tulijue na lipi tusilijue. Ungeandika lile neno moja tu, kifua kikuu, ningekaa na magoti yangu mpaka leo. Na mimi nikafanya vile vile kwa mama yako, tena nimeketi mbele ya uso wake.

Siku ilipofika barua yako nilimwita jikoni, mchana, nikamwambia leta kopo la barua. Nikatoa ile ya Machi, nikamsomea upya, yote. Nilipofika pale nilirudia mara mbili ili iwe wazi.

Hakunitukana. Nilitamani anitukane! Aliuliza, "Uko wapi huo mstari?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake pale juu, kile kilichopinda zaidi, akakiacha.

"Hapa?"

"Hapo."

"Basi ulikuwa ndani ya kopo langu siku zote," akasema.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe. Mzigo wangu aliubeba kwa viwiko, maana vidole havifungi tena. Mawenzi wanampunguzia dawa taratibu, uso umeanza kurudi wa zamani, na mikono nayo. Kahawa imechumwa na majirani, ya matawi ya juu imeliwa na ndege. Jumapili iliyopita alikuja hapa kwa basi, na mbavu za mbuzi zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Nesi akamsimamisha mbali, dirishani. Akapaza sauti ili wodi nzima isikie: "Wifi, fungu lako!" Nilikula huku nalia, na wewe unajua kuhusu mimi na kulia.

Isale haisafiri kwa posta, kwa hiyo ya msamaha tutayamaliza ana kwa ana, Mungu akiniweka. Asiponiweka, nimekwisha kukusamehe, lakini usimwambie mtu kwamba ilikuwa rahisi.

Karatasi ile ya kapuni itafsiri kwa Kiswahili, kila neno, pande zote mbili, na uitume. Veronika ataisoma mbele ya kanisa baada ya Misa. Tayari wanawake watatu wamemwuliza mama yako dawa ile ya uso wa duara inapatikana wapi.

Na Desemba ukija likizo, usimletee mama yako kanga. Mletee kibao na chaki. Kalamu ya chaki uifunge kitambaa iwe nene, aweze kuishika kwa vidole vile. Anza na herufi za jina lake. Sitaki tena mtu yeyote amsomee barua zake, awe wewe, awe Veronika, awe mimi.

Shangazi yako,
Flavia